Dhahabu haielei: neno kwa sisi waombaji wa spika

Kharumwa, Jumapili jioni

Najua nimepotea, nisameheni. Niko nyumbani Kharumwa tangu tuanze mazoezi ya kufundisha, yaani TP kama tunavyoita sisi watu wa ualimu. Kwa asiyepafahamu, Kharumwa ndo makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita. Zamani tulihesabiwa Mwanza, ndani ya Wilaya ya Geita, mpaka mwaka 2012 mkoa mpya ulipozaliwa na sisi tukapata wilaya yetu. Upande wa Kahama kuna mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, Geita nako kuna ule mwingine mkubwa, na sisi wa katikati ndo watu wa maduara, makarasha na mialo.

Leo nataka kusema juu ya maombi. Najua haya yatawaudhi baadhi ya marafiki zangu wa chuo, hasa wale tulioamka pamoja saa kumi usiku mwaka jana. Lakini msinielewe vibaya, sijakaa pembeni nikiwanyooshea kidole. Aliyekuwa ameshika kipaza sauti ni mimi.

Hoja yangu ni fupi. Sisi wanafunzi tuliookoka tumejua sana kuomba mbele za watu, tumesahau kukaa kimya mbele za Mungu. Na kwa kuwa hatukai kimya, hatuambiwi ukweli wetu. Mtu asiyeambiwa ukweli wake hawezi kuwa mnyenyekevu, hata akiongea kwa sauti ya chini namna gani na kuinamisha shingo kila akisalimia.

Hebu tuanze na kule hosteli. Mnaikumbuka ile korido yetu. Saa kumi usiku tunaanza: tunakemea, tunapiga makofi, tunatembea huku na huku kama askari wa doria. Aliyelala akilalamika, tunasema ana roho ya upinzani. Rumeti wangu alikuwa na sapu mbili. Akaniomba kwa heshima kabisa, "Kaka, wiki hii tu, naomba mkaombee kule uwanjani." Mie nikamjibu kwamba siku zote shetani ndiye anayetaka watu wa Mungu wanyamaze. Jamani! Mtu anaomba usingizi ili afanye mtihani, mie namgeuza wakala wa shetani. Sapu moja aliipita, nyingine ikabidi aibebe mwaka uliofuata. Siwezi kusema ni kelele zangu zilizomwangusha. Lakini siwezi pia kusema sio.

Sasa wale ndugu zangu mnaojiita watulivu msianze kucheka, maana zamu yenu inakuja. Kuna kundi la pili ambalo halipendi kelele. Hawa ni watu wa "wakati wa utulivu". Asubuhi Biblia imefunguliwa, kikombe cha chai pembeni, daftari, kalamu za rangi tatu, mwanga wa dirishani umeangukia vizuri juu ya Zaburi... halafu picha! Inapandishwa kwenye status: mimi na Yesu wangu asubuhi hii. Swali langu ni hili: kama mlikuwa wawili tu, hiyo picha unampigia nani? Yesu katika Mathayo 6 aliwaelekeza wanafunzi wake waingie chumbani, wafunge mlango, waombe kwa Baba aliye sirini. Sisi tumeingia chumbani, tumefunga mlango, halafu tumewasha kamera. Hiyo nayo ni kelele, ila haina spika.

Kwa hiyo simtetei mpole dhidi ya mwenye sauti. Wote wawili tuna ugonjwa mmoja, tunataka tuonekane tukiwa na Mungu.

Nitatumia mfano wa hapa nyumbani, maana ndo ninaoujua. Mwamba ukitoka kwenye duara unapondwa, unasagwa kwenye karasha mpaka unakuwa unga. Unga ule unapelekwa mwaloni. Hapa simaanishi mwalo wa samaki, namaanisha ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Unamwaga tope juu, unamwaga maji, tope linashuka. Ukisimama hapo mara ya kwanza utadhani kazi yote iko juu, kwenye maji yanayokwenda kasi na kupiga kelele. Kumbe mwenye mali haangalii juu kabisa. Anajua kwamba dhahabu ina uzito wa zaidi ya mara 19 ya uzito wa maji, kwa hiyo inazama na kunasa kwenye gunia. Kinachopita juu kwa mbwembwe ni tope. Wakimaliza wanalikunja gunia taratibu na kulikung'uta kwenye beseni, na hapo watu wote wananyamaza. Mie nimekua nikiona jambo hili, sikuwahi kuona watu wanapiga kelele wakati wa kukung'uta gunia.

Nadhani mmeshanielewa. Kitu chenye uzito hakielei.

Mtasema haya ni mawazo ya kijana wa machimboni. Sawa. Basi tutoke Kharumwa kidogo, twende Uganda na Rwanda, maana mie nasoma Historia na Kiswahili, na historia hii ni yetu wenyewe ingawa wengi wetu hatuijui. Kila siku kwenye ushirika wetu tunaimba na kuomba "uamsho, uamsho". Hivi mnajua Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzaje?

Septemba 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alikuwa Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Kazi yake ilikuwa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na alikuwa ametoka kwenye njaa kali iliyoua watu wengi sana. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Hawakuita mkutano. Hawakubandika bango. Walikaa siku mbili na Biblia zao, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Basi. Watu wawili, mweusi na mweupe, zama za ukoloni, wamekaa sawa mbele ya kitabu kimoja. Na Nsibambi huyo ambaye leo anatajwa kama baba wa uamsho hakuwa mchungaji, na hakuwahi kuwa askofu.

Alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi. Huyu ndo ninayempenda zaidi kwa sababu alikuwa mwalimu kama sisi, akifundisha kule Gahini. Kazi ikawa kavu. Wanafunzi wako pale, ibada ziko pale, lakini uzima hakuna. Mwaka 1935 Kigozi akajitenga, akajifungia katika nyumba yake ndogo kwa muda wa wiki moja, yeye na Mungu wake. Fikiria: mwalimu anaona shule yake imekufa kiroho, na badala ya kuanza kuwakemea wanafunzi, anaanza na yeye mwenyewe. Alipotoka hakutoka na mafuta ya kuuza wala cheo kipya mbele ya jina lake. Alitoka na ujumbe wa toba. Januari 1936 alikuwa Kampala, ana hoja za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa, akaugua homa na kufariki akiwa bado kijana. Neno aliloliacha ni moja tu la Kiganda, Zukuka, yaani amka.

Baada ya hapo moto ukatembea: Uganda yote, Kenya, Burundi, na kwetu ukaingia kupitia Bukoba. Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtu wa uamsho huo, na mwaka 1977 pale Dar es Salaam akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, naye mwalimu, alikuja miaka ya 1940 kufundisha Dodoma, baadaye akawa askofu kwao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere ilibidi aikimbie nchi. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Hakusema hivyo kwa sababu Amin alikuwa mtu mwema, wala hakuficha yaliyofanyika. Ila alijua chuki inaweza kukaa vizuri sana ndani ya mtu anayeomba kila siku.

Sasa nataka tuone alama ya uamsho ule. Haikuwa ukubwa wa sauti. Ilikuwa kwamba mtu akitoka kwenye maombi, kuna mlango anakwenda kuugonga. Mume anamwomba mke msamaha. Mmisionari Mzungu anamwomba Mwafrika msamaha, jambo ambalo wakati ule lilikuwa kama jua kuchomoza magharibi. Mtu aliyeiba anarudisha. Wenyewe waliita kutembea nuruni. Yaani maombi yao yalikuwa na risiti, na risiti hiyo alikuwa nayo jirani, sio wao.

Sisi je? Baada ya mkesha wetu ni nani amewahi kurudishiwa kitini chake kilichopotea? Nani amelipwa deni la bumu la muhula uliopita? Tunatoka mkeshani tumepata "mafunuo", rumeti wetu hajapata hata samahani.

Najua mtakavyonijibu, kwa hiyo niwajibu mapema.

Kwanza mtasema, "Mbona Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote?" Ni kweli, alicheza. Lakini someni 2 Samweli 6 mpaka mwisho, muone alimjibuje Mikali. Alisema yuko tayari kujishusha zaidi ya hapo na kuwa duni machoni pake mwenyewe. Daudi alicheza akaonekana mdogo. Sisi tunacheza tuonekane wakubwa.

Pili, wanaojua historia mtanitajia Mukono. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Teolojia cha Bishop Tucker, William Nagenda akiwamo, walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri pamoja na kuhubiri chuoni. Mtasema, "Unaona? Hata watu wa uamsho waliamsha wenzao!" Hoja hii ina nguvu na nimeifikiria sana. Jibu langu ni kwamba wale walilipa gharama wenyewe. Walipoteza chuo, walipoteza nafasi ya kuwa wachungaji. Sisi gharama ya alfajiri yetu tunamlipisha mwenye sapu, halafu sisi tunapewa uongozi wa ushirika. Na sisemi wale 26 hawakukosea lolote. Hata mtu wa uamsho anaweza kujiinua, ndo maana walilazimika kutubu kila siku badala ya kutubu mara moja na kuhifadhi cheti.

Tatu, na hii ndo nzito zaidi. Mtu ataniuliza, "Unasifia kujitenga na kufunga, umesahau Shakahola?" Sijasahau. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu, na watoto wengi walikuwa ndani yake. Msituni ni kimya. Kwa hiyo ukimya peke yake si utakatifu, nakubali. Lakini angalieni vizuri: pale ilinyamazishwa sauti ya kila mtu isipokuwa ya mtu mmoja. Mama alinyamazishwa asisikie hata kilio cha mwanawe. Utulivu ninaousema mie ni kinyume chake. Ni pale ambapo hata sauti ya mtumishi ninayempenda inanyamaza, nabaki na Neno, na dhamiri yangu, na Mungu, halafu narudi nyumbani mapema nikale na watu wangu na kuwasikiliza. Yesu katika Marko 1 alitoka alfajiri kukiwa bado giza akaenda mahali pasipo watu kuomba. Lakini alirudi, akaendelea na safari ya kuhubiri, na sura hiyohiyo inaisha akiwa amemgusa mwenye ukoma.

Na nyie mnaodhani kelele hazimdhuru mtu, nendeni Moshi. Tarehe 1 Februari 2020 katika uwanja wa Majengo watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta waliyoambiwa yana upako. Wale hawakuwa wajinga, naomba tusiwadharau marehemu. Walikuwa wagonjwa, wadaiwa, kina mama wenye shida za kweli. Lakini tumewafundisha kwa miaka mingi kwamba Mungu anapatikana mbele kabisa, karibu na jukwaa, kwa anayewahi. Mtu aliyefundishwa kwamba Mungu yuko pia nyuma kabisa, na nyumbani jikoni, na kitandani kwa mgonjwa, huyo atakimbilia nini? Huku kwetu machimboni nako yapo. Anakuja mtumishi na gari, anaombea maduara, duara lenye dalili nzuri sadaka yake kubwa, duara maskini sadaka yake ndogo. Lisipotoa kitu, mwenye duara anaambiwa ana dhambi ya siri. Kumbe mwamba hauna habari na mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilitaka niliruke, lakini nikiliruka nitakuwa nimepiga picha ya kikombe cha chai.

Kwenye shule ninayofanyia TP kuna mtoto wa kidato cha pili. Nimwite kijana tu. Kila kipindi changu cha Kiswahili analala. Mara ya kwanza nilimwamsha, mara ya pili nikamsimamisha. Mara ya tatu nikampigisha magoti mbele ya darasa, na kwa kuwa mie ni mtu wa rohoni nikaweka mkono kichwani kwake na kusema kwa sauti, "Pepo la usingizi, toka!" Darasa likalipuka kwa kicheko. Mie nikajisikia vizuri, nimefundisha na nimehudumu. Tangu siku hiyo wenzake wakawa wanamwita Pepo.

Jumamosi moja nikapita mwaloni. Nikamwona yeye na mama yake wanaosha marudio, yaani ule mchanga ambao wenye mali wameshauosha na kuutupa, maskini wanaurudia. Miguu iko kwenye tope mpaka magotini. Akaniona, akainuka, akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikasema marahaba nikapita haraka. Mama yake akaniita, akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe, akasema usiku wanafanya zamu kwa sababu maji yanapatikana zaidi, na hela ndo ya daftari na unga. Alinishukuru! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi za hatari kama za machimbo, hilo nalijua na nililijibu kwenye mtihani nikapata. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa mbele yangu wiki tatu na sikumwona. Nilimwona pepo.

Mnadhani nilitubu siku hiyo? Wapi. Ijumaa iliyofuata nilikuwa kwenye mkesha nikiongoza maombi, spika mbili, kinanda, jasho linatiririka. Kama saa nane usiku umeme ukakatika. Kinanda kikafa, kipaza sauti kikafa. Watu wakajaribu kuendelea bila spika lakini sauti zikawa zimeshakauka, mmoja mmoja wakakaa. Giza na kimya kitupu, mnaskia tu nyenje nje na mtoto anakoroma mgongoni kwa mama yake. Nadhani ilichukua dakika ishirini. Na katika kimya kile nikasikia mtoto yule akisema shikamoo mwalimu. Sikuona maono, sikusikia ngurumo. Niliona tu magoti yake kwenye sakafu ya saruji, nikajua nilichofanya. Eliya kule Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo. Mie nilikuwa nahubiri habari ile kila muhula na sikuwahi kufika kwenye ile sauti ndogo ya mwisho, kwa sababu upepo niliutengeneza mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama. Mama hana maneno mengi. Akasema, "Baba, wewe unaombaga kwa sauti sana. Mungu akitaka kujibu, atapata nafasi saa ngapi?" Halafu akaendelea kupepeta mchele wake.

Jumatatu nikaingia darasani. Nisidanganye, miguu ilikuwa inatetemeka kuliko siku msimamizi wa TP alipokuja kunikagua. Mwalimu anamwomba mwanafunzi radhi? Chuoni tumefundishwa saikolojia ya kujifunza na namna ya kulitawala darasa, hilo hatukufundishwa. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimdhalilisha mwenzao, kwamba hakuwa na pepo wala hakuwahi kuwa nalo, alikuwa amechoka, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Nikamwambia naomba unisamehe. Nyuma mmoja akacheka. Kijana akasema, "Haya mwalimu," akaketi. Basi, hakuna aliyelia, hakuna aliyeokoka. Wiki hii amelala tena kwenye kipindi changu mara moja, nikamwacha dakika kumi, kisha nikamgusa bega. Mwalimu wa darasa ameshaongea na mama yake ili zamu za usiku ziachwe, ila njaa haisikilizi kikao, bado tunahangaika.

Siwaambii haya ili mniite mnyenyekevu. Kama mtaniita hivyo basi nimeshindwa, nitakuwa nimehamisha spika tu kutoka mkeshani kuja hapa. Nawaambia kwa sababu nilikuwa kiongozi wa maombi kwa miaka miwili na katika miaka hiyo sikuwahi kumwomba mtu msamaha hata mara moja. Mara moja! Na hakuna mtu katika ushirika wetu aliyeona kwamba hilo ni jambo la ajabu.

Tufanyeje basi? Sina mamlaka juu ya mtu, ila muhula ukifunguliwa nitapendekeza mambo matatu kwenye kikao, na nyie mnaosoma mnaweza kunipinga kabla sijafika.

Moja, maombi ya saa kumi usiku yatoke koridoni. Uwanja upo. Anayetaka kulia alie kule, na anayetaka kulala alale, naye ni mtu wa Mungu.

Mbili, katika kila mkesha tuzime spika kwa nusu saa bila kusubiri umeme ukatike. Hakuna kinanda, hakuna anayeongoza, hakuna anayepiga picha. Kila mtu akae na Luka 18, ile ya Farisayo na mtoza ushuru, halafu ajiulize yeye ni yupi. Onyo: ukijijibu haraka kwamba wewe ni mtoza ushuru, rudia kusoma.

Tatu, mtu asitoe ushuhuda wa "Mungu alisema nami" mpaka awe amekwenda kwanza kwa yule ambaye Mungu alimtaja. Naamini shuhuda zetu zitapungua sana. Na zipungue.

Mie nitaanza na rumeti wangu wa zile sapu. Bado sijampigia. Nimeandika yote haya na simu iko hapa mezani, na nimegundua kwamba kuwaandikia nyie wengi ni rahisi kuliko kumpigia yeye mmoja. Kwa hiyo naishia hapa, niipige.

Sijui wewe mwenzangu unasemaje, una mlango gani hujaugonga?